Tembo ni wa Nani? Sheria na Uchumi wa Uhifadhi Mkoani Simiyu

Mtu anayetoka Bariadi mjini kuelekea mashariki, akapita vijiji vya Itilima na kuendelea hadi Meatu, huyaona mashamba ya pamba, mahindi na mtama yakifuatana mpaka yanapokoma ghafla. Hakuna ukuta wala uzio. Kuna vigingi vya mpaka na pengine njia ya gari la doria, kisha huanza Pori la Akiba Maswa na, nyuma yake, Hifadhi ya Taifa Serengeti. Upande mmoja wa kigingi mtu huhesabiwa kuwa mkulima au mfugaji katika ardhi ya kijiji chake. Akivuka hatua kumi, mtu yule yule huhesabiwa kuwa mvunja sheria. Kwa tembo, hata hivyo, kigingi hakina maana yoyote.

Maswali yanayotokana na hali hiyo hufika mara kwa mara katika ofisi za parokia zetu, na kwa bahati mbaya hufika baada ya jambo kuharibika: shamba limeshaliwa, ng'ombe wameshakamatwa, kijana ameshapandishwa kizimbani. Makala hii inakusudia kumweleza msomaji sheria inasema nini kuhusu maeneo yaliyohifadhiwa yanayopakana na vijiji vyetu, fedha za uhifadhi zinatoka wapi na kwenda wapi, na nani hasa anabeba gharama.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, Itilima ikamegwa kutoka Bariadi, na Busega ikatoka upande wa Mwanza. Sensa ya mwaka huo huo ilihesabu watu 1,584,157. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Hilo ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja katika miaka 10, katika mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini na wenye mifugo mingi, ilhali ardhi haikuongezeka hata ekari moja. Ugomvi wote wa mipaka tunaousikia unaanzia katika hesabu hiyo.

Mali ya umma chini ya mdhamini

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, katika kifungu chake cha 4, inasema kwamba wanyama wote wa porini nchini ni mali ya umma, na kwamba Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Maneno haya yana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Tembo anayelala ndani ya Serengeti na tembo anayesimama katikati ya shamba la mjane kijijini ni wa mwenyewe mmoja, yaani umma. Hageuki kuwa mali ya kijiji kwa sababu amevuka mpaka, wala hageuki kuwa mnyama asiye na mwenyewe.

Fikra hii ya udhamini ni ya zamani. Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko lililojulikana kama Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori (wengi hulichanganya na Azimio la Arusha la 1967, ambalo ni jambo jingine kabisa), akiahidi kwamba serikali ya Waafrika ingewatunza wanyama kwa ajili ya vizazi vijavyo. Ahadi hiyo imetimizwa kwa kiasi kikubwa. Kilichobaki bila kusemwa waziwazi mwaka ule, na ambacho kimekuwa kikitafutiwa jibu hadi leo, ni nani atakayelipa.

Maeneo yenyewe yako katika ngazi mbalimbali, na ni muhimu kuzitofautisha, kwa kuwa kinachoruhusiwa katika moja huwa kosa katika nyingine. Hifadhi ya Taifa ndiyo ngazi ya juu. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ina eneo la kilomita za mraba 14,763, inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na mwaka 1981 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Humo hakuna makazi ya wananchi, kilimo, malisho wala uwindaji wa namna yoyote. Ngazi inayofuata ni Pori la Akiba. Maswa lilianzishwa mwaka 1962, na mipaka yake imebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, jambo ambalo wazee wa vijiji vya mpakani hulikumbuka vizuri kuliko ramani. Huko utalii wa uwindaji unaruhusiwa kwa leseni, lakini mwananchi haruhusiwi kuingia, kulima wala kuchunga bila kibali. Msimamizi ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), iliyoundwa mwaka 2014. Busega nayo ina pori lake dogo, Kijereshi, linalogusana na kona ya magharibi ya Serengeti.

Chini ya hapo kuna maeneo ya hifadhi ya jamii, ambayo wengi huyaita kwa ufupi WMA, na mwisho kuna ardhi ya kijiji, inayoongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Nitarudi kwa yote mawili.

Jasho na machozi

Mwananchi anapopata hasara kutokana na wanyama, sheria haitumii neno fidia. Inatumia maneno kifuta jasho, kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi, kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Tofauti hii si ya lugha tu. Fidia hupimwa kwa ukubwa wa hasara, na mwenye haki anaweza kuidai mahakamani mpaka senti ya mwisho. Kifuta jasho ni mkono wa pole: serikali inatambua kwamba umeumia, inakupa kitu, lakini haikubali kuwa na deni sawa na hasara yako.

Kanuni zilizotungwa mwaka 2011 chini ya sheria hiyo ziliweka viwango vya wazi. Kwa kifo, shilingi 1,000,000. Kwa ulemavu wa kudumu, shilingi 500,000. Kwa jeraha lisilo la kudumu, shilingi 200,000. Kwa mazao, malipo yalipangwa kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, kuanzia shilingi 25,000 kwa ekari hadi shilingi 100,000 kwa ekari, na kwa ekari zisizozidi tano. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpakani halilipwi chochote. Viwango hivyo vimepitiwa upya tangu wakati huo, na Ofisa Wanyamapori wa Wilaya ndiye anayepaswa kumweleza mwananchi kiwango kinachotumika sasa. Lakini muundo wenyewe, wa kulipa zaidi kadiri shamba linavyokuwa mbali, ndio unaostahili kutazamwa kwa makini.

Msomaji atashangaa kwa nini anayeishi karibu zaidi na tembo apewe kidogo zaidi. Hoja ya mtunga kanuni ni kwamba anayelima kwenye mlango wa hifadhi amejitakia hatari, na kwamba kumlipa sawa na wengine kungewavuta watu wengi zaidi kulima mpakani. Kiuchumi hoja hiyo ina mantiki. Lakini inachukulia kwamba mkulima alichagua mahali pa kulima, kama mtu anayechagua kiti sebuleni. Katika vijiji vingi vya Meatu na Itilima familia zilikuwapo kabla ya kigingi cha mwisho kupigwa, na kijana anayegawiwa ekari tatu na baba yake hana mahali pengine pa kuziomba.

Tupige hesabu ndogo ya mfano. Tuseme ekari moja ya mahindi ingetoa magunia 6, na gunia liuzwe shilingi 50,000. Hiyo ni shilingi 300,000. Kwa kiwango cha chini cha mwaka 2011 mkulima huyu angefutwa jasho kwa sehemu moja ya kumi na mbili ya hasara yake. Kwa kiwango cha juu, theluthi moja. Na kama familia ilitegemea mahindi hayo kwa chakula, italazimika kununua gunia hilo hilo miezi ya Januari na Februari, bei inapokuwa imepanda, wakati malipo huenda bado yako katika mafaili. Kundi la tembo humaliza ekari hiyo kwa usiku mmoja.

Kuna gharama nyingine ambazo hazimo katika fomu yoyote. Mazao yanapokaribia kukomaa, wanaume na vijana hulala mashambani kwa majuma kadhaa, wakiwasha moto, wakipiga madebe na kumulika tochi. Asubuhi hawana nguvu ya kazi. Watoto hulindishwa shamba na kukosa shule, na wengine hawathubutu kutembea alfajiri kwenda shuleni tembo wakiwa karibu. Mwenye kupanga thamani ya utalii huhesabu tiketi za langoni. Usingizi wa watu hawa hauingii katika hesabu, ingawa bila uvumilivu wao tembo wasingekuwapo wa kupigwa picha.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 195, akimrejelea mtangulizi wake Benedikto XVI, aligusa kanuni ambayo wachumi wenyewe wanaikubali: gharama za kutumia mali asili ya wote zitambuliwe kwa uwazi na zibebwe na wanaozisababisha, zisitupwe kwa watu wengine wala kwa vizazi vijavyo. Kwa kawaida kanuni hii husomwa dhidi ya viwanda vinavyochafua mito. Sioni kwa nini isisomwe pia katika kijiji cha mpakani, ambako manufaa ni ya dunia nzima na gharama ni ya kaya chache.

Kwa upande wa utaratibu, neno moja la manufaa. Aliyepata hasara atoe taarifa bila kukawia kwa serikali ya kijiji, ili uharibifu ukaguliwe na kupimwa wakati nyayo na mabua bado vinaonekana. Maombi hupita kwa wataalamu wa halmashauri, kisha kwa Ofisa Wanyamapori wa Wilaya, na kupelekwa wizarani. Maombi mengi huanguka kwa sababu mwenye shamba alisubiri, au alikwisha kulilima upya kabla ya kukaguliwa. Mwenyekiti wa kijiji anayekataa kuandika kwa sababu eti hakuna kitakacholipwa anamnyima mwananchi haki ambayo si yake kuikatalia.

Ng'ombe waliovuka

Jambo la pili ni mifugo, na hapa hasira ni kubwa zaidi. Kwa Msukuma ng'ombe ni akiba ya benki, ni mahari, ni ada ya shule, ni matibabu. Kuanzia Julai hadi Oktoba malambo hukauka, na mito kama Simiyu na Duma hubaki mchanga wenye madimbwi. Majani yaliyobaki yako ng'ambo ya kigingi. Mfugaji ana uamuzi wa aina mbili: kubaki na kuwaona ng'ombe wakikonda na kufa mmoja mmoja, au kuvuka usiku na kubahatisha. Wengi hubahatisha.

Kuchunga ndani ya pori la akiba bila kibali ni kosa la jinai, na sheria ya 2009 haina utata juu ya hilo. Faini yenyewe si kubwa ukiilinganisha na thamani ya kundi. Kinachomwangusha mfugaji ni kutaifishwa kwa mifugo. Tukichukulia mfano wa ng'ombe 50 wenye thamani ya shilingi 600,000 kila mmoja, ni shilingi milioni 30 zinazoondoka kwa siku moja, na pamoja nazo ukoo mzima huanguka katika umaskini, kwa kuwa kundi moja aghalabu lina ng'ombe wa ndugu watano au sita.

Ni lazima hapa kusema mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, mifugo ni mali, na ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali ya mtu dhidi ya kunyang'anywa pasipo sheria. Kutaifishwa ni jambo la mahakama baada ya mashauri. Si la askari porini. Mfugaji ana haki ya kuandikiwa idadi ya mifugo iliyokamatwa, kupewa nakala ya hati hiyo, na kujua shauri lake liko mahakama gani. Malipo yoyote ya mkono kwa mkono yasiyo na stakabadhi si faini, ni rushwa, na anayetoa ana kosa kama anayepokea. Pili, si siri kwamba baadhi ya makundi yanayokamatwa ni ya watu wenye uwezo wanaoishi mjini, ambao huwatuma vijana wa kuajiriwa kuchunga ndani ya pori. Ng'ombe wakikamatwa, mwenye mali hutuma wakili. Kijana hubaki rumande. Uhasama huu hauwezi kuitwa kirahisi ugomvi wa maskini na hifadhi.

Kuhusu uwindaji haramu nitasema kwa kifupi tu. Kukutwa na nyama au kiungo cha mnyamapori bila kibali ni kosa la nyara za serikali, na makosa hayo huangukia pia chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi. Vifungo vya miaka 20 hutolewa. Wazazi wawaambie watoto wao wazi kwamba kipande cha nyama ya nyumbu kinachouzwa kwa bei nafuu sokoni kinaweza kummaliza kijana ujana wake wote. Sheria inaruhusu kumuua mnyama pale tu inapokuwa lazima ili kuokoa uhai au mali, na tukio hilo ni lazima liripotiwe; nyama yake haiwi ya aliyemuua.

Fedha zinapita wapi

Kwa miaka mingi kabla ya janga la UVIKO-19, utalii ulikadiriwa kuchangia kama asilimia 17 ya pato la Taifa na kama robo ya fedha za kigeni. Serengeti iko katikati ya hesabu hiyo. Lakini wageni walio wengi hushukia uwanja wa Kilimanjaro, hulala Arusha na Karatu, na huingia hifadhini kupitia upande wa Ngorongoro. Chakula chao, magari yao na waongozaji wao hutoka huko. Simiyu, inayopakana na mfumo huo wa ikolojia kwa upande wa magharibi na kusini-magharibi, huwaona wageni wachache. Tumepata mpaka mrefu na soko fupi.

TANAPA imekuwa na mpango wa ujirani mwema kwa miongo kadhaa, na madarasa, zahanati na visima vilivyojengwa kwa mpango huo vinaonekana katika vijiji vingi. Sitaki kuvidharau. Hata hivyo darasa ni la kijiji kizima, na aliyeliwa shamba ni mtu mmoja. Mwaka 2020 Sheria ya Fedha ilibadilisha utaratibu, mapato ya TANAPA, TAWA na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro yakaanza kukusanywa na TRA na kuingia Mfuko Mkuu wa Hazina, nayo mashirika yakategemea mgao wa bajeti. Mwaka huo huo watalii wa kimataifa walishuka kutoka 1,527,230 wa mwaka 2019 hadi 620,867. Mwenye kujenga uhifadhi wote juu ya nguzo moja ya wageni kutoka ng'ambo alipaswa kujifunza kitu mwaka ule.

Njia nyingine ni ya WMA. Meatu ina mfano wake, Makao, ulioundwa na vijiji saba vinavyopakana na Maswa na Ngorongoro. Kisheria vijiji hutenga sehemu ya ardhi yao kwa wanyamapori, huunda jumuiya iliyosajiliwa, na Waziri akiiidhinisha jumuiya hiyo hupata haki ya kuingia mikataba na wawekezaji wa utalii wa picha au wa uwindaji. Kanuni zinataka angalau nusu ya mapato ya jumuiya iende kwa vijiji wanachama. Ni mpango mzuri katika karatasi, na mahali pengine ni mzuri hata katika utendaji. Udhaifu wake ni kwamba mwananchi wa kawaida mara nyingi hajui mkataba unasema nini wala kiasi gani kiliingia mwaka uliopita, na kwamba ardhi ikishatengwa si rahisi kuirudisha. Uamuzi wa kutenga hufanywa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Mkutano huo ndio wenye mamlaka ya kuuliza mapato na matumizi. Nimeona mikutano ya vicoba ikijaa pomoni na Mkutano Mkuu wa Kijiji ukikosa akidi. Hapo lawama si za serikali peke yake.

Mwaka 2019 Rais Magufuli alisimamisha uondoaji wa vijiji vilivyodaiwa kuwa ndani ya maeneo ya hifadhi, na baada ya kamati ya mawaziri wanane kupitia suala hilo, ilitangazwa kwamba vijiji 920 kati ya 975 vingebaki. Uamuzi huo uliwapa wengi usingizi. Ulionyesha pia kwamba mpaka ni jambo la sera, linaweza kujadiliwa, na kwamba kijiji chenye cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi bora ya ardhi huingia katika mjadala huo kikiwa na karatasi mkononi badala ya malalamiko matupu.

Barabara iliyokatazwa na barabara iliyopatikana

Kesi moja ya nje ya mkoa inatuhusu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2010 shirika la kutetea wanyama la African Network for Animal Welfare, lenye makao Nairobi, liliifungulia serikali ya Tanzania shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki jijini Arusha, likipinga barabara ya lami iliyopangwa kukatiza kaskazini mwa Serengeti, katika njia ya nyumbu. Tarehe 20 Juni 2014 mahakama iliizuia serikali kujenga barabara hiyo ya lami, ikisema ingekiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki katika vipengele vya kulinda mazingira. Wengi waliisoma hukumu ile kama ushindi wa wanyama dhidi ya watu. Lakini njia mbadala iliyopendekezwa na wapinzani wa barabara ile ni ya kusini, kutoka Karatu kupitia Mbulu, Haydom, daraja la mto Sibiti na Meatu hadi Lalago na Maswa. Yaani ni barabara yetu. Njia hiyo inapita katika vijiji vyenye watu wengi, pamba nyingi na mifugo mingi kuliko ile ya kaskazini. Mara chache uhifadhi na uchumi wa Simiyu vimeelekea upande mmoja kwa uwazi namna hii.

Ngitili

Nimeacha kwa makusudi jambo ninaloliona kubwa kuliko yote. Kabla ya TANAPA na TAWA, Wasukuma walikuwa na hifadhi yao: ngitili. Mvua zinapoanza, kipande cha ardhi cha kaya au cha kijiji hufungwa. Ng'ombe haruhusiwi kuingia. Majani hukua, miti huchipua. Kiangazi kinapokaza na malisho mengine yakaisha, ngitili hufunguliwa kwa utaratibu, sehemu baada ya sehemu, kwa ng'ombe wakongwe, ndama na maksai wa kulimia. Aliyeivunja alijibu mbele ya wazee, na mambo makubwa yaliamuliwa na dagashida, baraza la jadi, ambalo halikuhitaji jengo la mahakama kusikilizwa.

Kufikia miaka ya 1980 mfumo huu ulikuwa karibu kwisha. Misitu ilikuwa imefyekwa kuondoa mbung'o, pamba ikachukua ardhi, na uhamisho wa vijiji ukawatenga watu na ngitili zao. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa sehemu yake. Hekima ya mradi ilikuwa kutokuja na kitu kipya. Uliwauliza watu walichokuwa wakikifanya wenyewe, ukakirudisha. Ngitili zilizokuwa zikijulikana kuwapo mwaka ule zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofikia mwisho wake mwaka 2004, zilikuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji 833.

Wataalamu waliochapisha tathmini yao mwaka 2005 walikadiria kwamba ngitili na miti yake humpa mtu mmoja manufaa ya dola 14 za Marekani kwa mwezi, kwa malisho, kuni, nguzo, majani ya kuezekea, dawa, asali na matunda. Wakati huo wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50 kwa mwezi. Hasara zilikuwapo pia, kwa kuwa vichaka vilivyorudi vilirudi na fisi. Lakini aliyepata hasara ya mbuzi ndiye huyo huyo aliyekata nguzo na kulisha maksai wake. Gharama na manufaa vilikaa katika boma moja, na kwa sababu hiyo watu wakailinda ngitili bila bunduki.

Leo nyingi kati ya ngitili hizo zinapungua. Baba akifa, wana hugawana, na kipande kilichotosha kulisha ng'ombe hubaki vipande vinne visivyotosha kitu, vikalimwa dengu na pamba. Ngitili za kijiji huvamiwa na wachoma mkaa. Kisheria kuna kinga, ila haitumiki inavyostahili. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutangaza msitu wake kuwa hifadhi ya msitu ya kijiji, kikaweka mpango wa usimamizi na sheria ndogo zilizopitishwa na halmashauri ya wilaya. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 inakiruhusu kutenga malisho kwa jina na kwa mipaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, kipimo ambacho kikifuatwa kando ya Simiyu na Duma kingetoa ukanda mrefu wa majani na kivuli.

Ngitili ya kaya inaweza kuandikwa katika hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo inaweza kubeba majina ya mume na mke pamoja. Familia inayotaka kuizuia ngitili yake isigawanywe inaweza kuandika katika wosia kwamba itumiwe kwa pamoja na wana wote, mashahidi wakiwapo, na nakala ikahifadhiwa mahali salama nje ya nyumba. Masijala ya ardhi ya kijiji ndipo pa kuanzia.